Mwanandani wa Kasiani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila masika hunirudia bila kuitwa. Mvua ikishaanza kupiga bati, mto ukishapanda na kuingia mashambani, mimi hapa kitandani huanza kuyaona maji ya zamani. Naona mpunga umezama umebaki ncha tu. Naona madungu yetu, vile vibanda vya miguu mirefu tunavyolindia mpunga, yamesimama majini na vivuli vyake chini, hata hujui kipi ni dungu na kipi ni kivuli. Halafu unatokea mtumbwi, unakuja polepole, na ndani yake limelazwa sanduku jipya, pana kama kitanda cha watu wawili. Hapo huwa sijui kama nimelala au ni macho. Najua tu kwamba ninamzika baba yangu tena.

Wiki iliyopita ulinijia, Beno mjukuu wangu, ukatoka dukani kwako Bungu na pikipiki yako ukaja kuniona huku bondeni. Nilifurahi, usidhani sikufurahi. Ukaketi mkekani, ukafungua simu, ukanionyesha picha za makaburi ya Kibiti, yamevikwa vigae vyeupe na majina yameandikwa kwa rangi ya dhahabu. Ukasema, "Bibi, sisi tumeshajadiliana. Babu Kasiani tumhamishe. Kalala peke yake kando ya watu wasio wenzake, tena kazikwa visivyo. Tukamlaze kwa wenzake, padre apabariki, na sisi tuwe na mahali pa kwenda na maua." Mimi nikanyamaza, ukaondoka ukidhani nimekubali. Ukimya wa mzee si ndiyo, mwanangu. Mara nyingi anatafuta pa kuanzia. Leo nimepapata, basi izime hiyo simu.

Baba yangu hakuwa mtu wa huku. Alikuwa Mpogoro wa Mahenge, akaletwa Rufiji na kazi ya kupasua mbao. Kazi ikaisha, wenzake wakarudi, yeye akabaki. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kilichombakiza, akanijibu kwamba alipanda mpunga akasema ataondoka akishavuna, na kila akivuna akajikuta keshapanda tena. Kwao alirudi mara moja tu, kumchukua mama. Mimi, Skolastika, nimezaliwa hapahapa, chini ya Chumbi, na kitovu changu kimezikwa kwenye udongo huu wa mto.

Wakristo kijijini tulikuwa nyumba tatu. Wote tukijikusanya tunaenea kwenye kivuli cha paa moja, na kweli ndivyo tulivyofanya kila Jumapili, barazani kwetu, na mlango wa kanisa letu ulikuwa kanga ya mama iliyotungikwa kwenye kamba. Katekista Anselmi alikuja kutoka barabarani njia ikiruhusu. Isiporuhusu, baba alisoma, mama akaanzisha wimbo, na sisi watoto tukapiga kelele tukidhani tunaimba. Siku nyingine zote tuliishi kwa saa za msikitini. Adhana ya magharibi ikilia, baba naye alichukua rozari yake akaketi. Alisema saa ya kusali ni saa ya kusali, mwenye kuita si lazima awe wa kwenu.

Na alikuwa na kazi yake kijijini ambayo hakuna aliyeitamka kwa jina. Nguruwe wa porini wanavyoharibu mpunga unajua. Na unajua pia kwamba majirani zetu hawamli, hawamgusi, hata kumtaja wanaona taabu. Basi alfajiri utasikia mtu anabisha: "Kasiani, yule mdudu kaingia kwa Bi Tatu." Baba anachukua mkuki na mbwa wake, anakwenda. Akimpata, anamvusha mkono wa pili wa mto, anamalizana naye hukohuko na Wakristo wenzake, na harudi kijijini mpaka ameoga na kubadili nguo. Hata mfupa mmoja haukuingia nyumbani kwetu. Mama naye alikuwa na sufuria moja kubwa, imetungikwa peke yake juu ya kichanja, tuliiita sufuria ya wageni. Hiyo ilipikiwa wali, samaki, na kuku aliyechinjwa na jirani yetu Mzee Mbonde, basi. Tukiwa na sikukuu, majirani walikula kwetu bila kuuliza swali. Walijua mama yangu ni nani.

Nisikudanganye lakini kwamba yote yalikuwa asali. Wapo watoto walioniita kafiri njia ya kisimani, nami nikarudi nalia. Alikuwepo kijana mmoja, simtaji maana wajukuu zake ni wateja wako, aliyetaka kunioa akasema Skola asilimu kwanza. Baba akamjibu kwa upole kwamba Skola si mpunga, habadilishwi mbegu kwa kuwa shamba limebadilika. Na wapo wazee wema kabisa waliomwambia baba mwaka hadi mwaka, "Kasiani, wewe tabia zako zote ni za Kiislamu, umebakisha shahada tu." Walisema kwa mapenzi, nalijua. Baba alicheka nao. Lakini nyumbani nilimwona wakati mwingine ameshika rozari muda mrefu kuliko sala zenyewe. Kuwa wachache kunachosha, mwanangu. Si kwamba unapigwa. Ni kwamba kila siku unajieleza.

Ndiyo maana alipougua kifua masika ile, akajua haponi, alituita mimi na mama akatuomba neno moja. Alisema, "Mimi nimeishi na watu hawa vizuri. Lakini nizikeni nilivyokuwa. Sanduku, wimbo, msalaba kichwani. Mtu asije akasema Kasiani alibadilika mwishoni." Mimi nikamwahidi. Nilikuwa msichana mkubwa, kaka yangu yuko Dar es Salaam, na ahadi ile niliibeba mimi peke yangu. Niliishika kwa meno.

Akafariki alfajiri, mwezi wa Ramadhani, maji yamejaa mpaka chini ya nyumba zetu za nguzo. Wakristo wa kwetu waliotangulia walipelekwa kuzikwa Kibiti, kwenye makaburi ya misheni. Safari ile njia ilikuwa imekatika, si gari si miguu. Padre hakuweza kuja, kaka hakuweza kuja, na maiti masika haisubiri. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Waliokuwepo ni majirani.

Mzee Mbonde alikuja wa kwanza, akavua viatu akaketi sakafuni. Yeye ndiye aliyekuwa akituchinjia kuku, na yeye na baba walilinda mpunga kwenye madungu yanayotazamana tangu mimi sijazaliwa. Akamwambia mama, "Mama Skola, makaburi yale ni ya Waislamu. Hilo siwezi kulificha, na si yangu kuyagawa. Lakini pale mwinukoni kando yake ni mikorosho yangu, nimeipanda mwenyewe. Hapo maji hayajawahi kufika. Mlaze rafiki yangu pale." Mama akaitikia kwa kichwa. Mzee Mbonde akamwita mwanawe Omari, akamwambia achukue vijana wakachimbe. Wakaondoka na majembe yao, wamefunga, na jua linachomoza.

Ikabaki habari ya sanduku. Fundi Saidi wa kijijini alitengeneza milango, vitanda na mitumbwi, lakini sanduku la maiti hakuwahi kulitengeneza, nani angemwagiza? Alikuja kuniuliza mimi, maana mama alikuwa na kina mama ndani. Alisema, "Skola mwanangu, hili sanduku lenu likoje? Linachongoka kichwani au limelala sawa?" Mimi niliwahi kuliona moja tu, Kibiti, kwa mbali. Nikamwonyesha kwa mikono. Akaingia, akampima baba kwa kamba, akafunga fundo. Kisha akaiongeza ile kamba huku na huku, akasema kama anajiambia mwenyewe, "Asibanwe." Mara nikasikia msumeno wake. Mbao alizitoa wapi sikuuliza. Msiba una mambo mengi, na mimi nilikuwa nasikiliza msumeno tu, nikisema moyoni, baba, sanduku unalo.

Alasiri tukamtia mtumbwini. Hiyo ndiyo picha inayonirudia. Mvua imepumzika, mawingu yako chini, maji hayana hata kikunjo. Mtumbwi wa sanduku mbele, sisi nyuma, tunapita juu ya mashamba yetu wenyewe. Nilitazama chini nikaona mpunga wetu umelala ndani ya maji, kijani, unacheza polepole, na nikafikiri kwamba labda sisi ndio tuliokufa na baba ndiye anayetuvusha. Upondo uliingia majini, ukatoka, ukaingia.

Huku kwetu, mwanangu, wanawake hawaendi makaburini. Wanabaki msibani mpaka wanaume warudi. Sisi Wakristo tunakwenda. Basi tuliposhuka mwinukoni, mama na mimi na kina mama wachache wa nyumba zile mbili, wanaume wakatazamana. Mzee Mbonde akasema, "Wapisheni. Kwao ndivyo." Wakatupisha njia, wengine wametazama chini kwa adabu. Katekista Anselmi, aliyekuwa ameletwa kwa mtumbwi mwingine, akafungua kitabu chake. Wakalileta sanduku kwenye ukingo wa kaburi, wakapitisha kamba, wakaanza kulishusha.

Halikuingia.

Wakaligeuza, halikuingia. Wakalitia upande, likakwama mabegani mwa kaburi. Nikasogea kutazama, nikaona kwa nini. Kaburi la Waislamu wa huku huchimbwa jembamba, linakwenda chini. Kisha hukohuko chini, ubavuni, huchongwa kijumba kidogo cha kumlaza maiti, ndiyo mwanandani. Maiti huingizwa mle kwa sanda yake tu, mbele yake hupangwa mbao ziitwazo viunza, ndipo udongo unashushwa bila kumgusa. Hilo ndilo walilomchimbia baba yangu. Nadhifu, kuta zimenyooka, na mwanandani umelainishwa kwa mikono. Siku nzima Omari na wenzake walikuwa mwinukoni, Fundi Saidi yuko bondeni, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kumuuliza mwenzake, maana kila mmoja alikuwa anafanya anachokijua vizuri kuliko vyote.

Lakini mimi sikuona hayo. Niliona ahadi yangu inakufa. Niliwasikia wale wazee wote na maneno yao ya umebakisha shahada tu. Nikapiga kelele, msichana mimi, mbele ya wanaume makaburini: "Mmefanya makusudi! Alipokuwa hai mlimshindwa, sasa mnamsilimisha kaburini!"

Ulimi hauna mfupa, ila unavunja. Omari alikuwa amekaa kwenye lundo la mchanga, midomo imekauka nyeupe. Akasimama, akalitupa jembe. Akasema, "Basi mzikeni wenyewe." Na vijana wenzake wakaanza kuokota vitu vyao. Kijana mmoja alikuwa ameshashuka kaburini kujaribu kulipanua, na pale alipopiga jembe, bonge la ukuta lilimwangukia miguuni, maana udongo wa kule ni mchanga na chini maji yalikuwa yameanza kuchuruzika. Mbali tukasikia mvua inakuja juu ya mto. Wakiondoka wale, hatukuwa na mtu wa kuchimba. Kaburi lingejifukia lenyewe mbele ya macho yetu, na baba yuko juu.

Mama hakuwa mzungumzaji. Watu wengine kijijini walidhani hajui Kiswahili vizuri, kumbe hakuona haja. Alisogea akanishika kidevu, kama mtoto, akanigeuzia uso kwa Omari.

"Skola. Hebu mtazame huyu. Tangu alfajiri hajaonja maji. Mtu wa hila anachimba hivi? Mtu wa hila angechimba shimo tu akaenda zake kulala."

Kisha akamgeukia Omari. "Na wewe baba, okota jembe lako. Huyu kafiwa, wewe umechoka. Hasira zenu ziwekeni, mtazirudia kesho. Leo tuna maiti."

Omari akasimama pale na jembe liko miguuni pake. Mama akamwita Fundi Saidi. "Fundi, sanduku lako unaweza kulifungua lisivunjike?"

"Nimelipigilia lisifunguke tena, Mama Skola," akasema fundi. "Lakini nitalifungua."

"Lifungue. Kasiani ataingia mle walimomwandalia. Na hizi mbao zako ndizo zitakazomfunika. Ahadi ya sanduku iko palepale, ila limekunjuliwa." Akamtazama Katekista Anselmi, ambaye alikuwa anafunua kurasa kana kwamba jibu limeandikwa mahali. "Katekista, au kuna dhambi?"

Anselmi, Mungu amrehemu, akafunga kitabu. Akasema, "Mama, sijaiona." Mpaka leo sijui kama hakuiona kitabuni tu au haikuwepo kabisa.

Mimi nikamnong'oneza mama kwa kilio, "Watasema alibadilika." Na jibu alilonipa ndilo ninalokupa wewe, Beno, ulishike. Alisema, "Baba yako alikuwa Mkristo juu ya ardhi, watu wote wanaona, kila siku, miaka yote. Unadhani shimo lina nguvu ya kuyafuta hayo? Kama imani yake ilikuwa ndani ya sanduku, basi ilikuwa ndogo."

Fundi Saidi akazing'oa mbao moja moja, bila kupasua hata mmoja. Watu wanne wakashika mkeka juu ya baba kumkinga na manyunyu. Alikuwa amevikwa shuka nyeupe ya mama, rozari mkononi. Na kwa kuwa kaka yangu hakuwepo, na mtu wa ndani wa kumpokea kaburini hakuwepo, tukawa tunatazamana nani atashuka. Omari akavua shati, akashuka. Akanyoosha mikono juu. Na kabla hajampokea akanitazama mimi, yule niliyemtukana muda si mrefu, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Skola, sisi tunamlaza kwa ubavu. Ninyi je?"

Nikasema, "Chali. Atazame juu."

"Chali," akarudia, kama mtu anayejifunza neno. Akampokea baba yangu mikononi, akamlaza mwanandani, chali, akaiweka sawa rozari iliyokuwa imeteleza. Kisha wakampa zile mbao za sanduku akazipanga mbele yake, zikawa viunza. Zilitosha. Tukaimba. Sauti zetu zilikuwa chache na mvua ilikuwa nyingi, lakini wale wanaume wote walisimama wameinamisha vichwa mpaka tulipomaliza ubeti wa mwisho, na hakuna aliyekimbilia mwavuli. Kisha wao wakatia udongo kwa mikono, kila mtu mara tatu, kama desturi yao, na sisi kama yetu. Ubao mmoja ulikuwa umebaki. Fundi Saidi akaniuliza msalaba unakuwa na mikono mirefu kiasi gani. Sikujua. Nikaunyoosha mkono wangu, akaupimia hapohapo, toka kiwiko hadi ncha za vidole. Mkono wangu ndio kipimo cha msalaba ule, mwanangu, mpaka leo.

Tuliporudi nyumbani jua lilikuwa linazama na moshi unatoka jikoni kwetu. Bi Tatu na wenzake walikuwa wameishusha wenyewe ile sufuria ya wageni, wakapikia futari ya wachimbaji nyumbani kwa Mkristo, hakuna aliyewaambia. Adhana ikalia. Wakafungulia uji na tende barazani petu, pale penye kanisa letu, na sisi tukala nao. Nilikuwa nimefunga na mimi siku ile bila kukusudia, maana nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu baba afe.

Kesho yake asubuhi Omari akaja. Akaketi kwenye ngazi, hakuvua kofia. Akasema, "Nimekuja, mama kasema hasira tuirudie leo." Nikamtazama, akanitazama. Tukaitafuta, mwanangu. Hatukuiona ilipo. Nikaanza kucheka, kisha nikalia, yeye akabaki anakuna kofia yake mpaka mama akatuletea chai, akakumbuka kwamba Omari amefunga, akairudisha ndani.

Jambo moja nililijua baadaye kidogo. Masika ile nilipita kwa Fundi Saidi kupeleka nazi, nikakuta mlango wa mbele wa nyumba yake ni mkeka umetungikwa. Fundi milango hana mlango! Nikamtania. Mkewe akanivuta pembeni akaniambia nisimtanie. Zile mbao alikuwa amezikausha kwa ajili ya mlango wake mwenyewe. Alikaa na mkeka mpaka maji yakaondoka na mbao zikapatikana tena.

Basi sasa nikuulize, Beno, wewe mwenye picha za vigae. Ukimfukua Babu Kasiani, utakutana na mlango wa Fundi Saidi, uko mbele yake umemkinga udongo. Utaupeleka wapi? Utalikuta umbo la mikono ya Omari ukutani. Litahamishikaje? Unasema amelala peke yake kando ya watu wasio wenzake. Mwezi wa Shaabani uliopita, wanaposafisha makaburi yao kabla ya kufunga, nilikwenda na mkongojo wangu. Majani yalikuwa yamefyekwa mpaka kwenye mikorosho, na msalaba, ambao mchwa walikuwa wameula, ulikuwa mpya. Sikuagiza. Nikamuuliza mjukuu wa Fundi Saidi vipimo kavitoa wapi. Akasema babu yake aliwaachia: mkono wa Bi Skola. Wewe ulikuwa na habari hiyo? Hukuwa nayo, kwa sababu Shaabani hukuja.

Sikusemi kwa ubaya. Nakupenda, na najua umesema kwa heshima ya babu yako. Lakini lisikie shauri langu, na uwape na wengine mnaoishi wachache kati ya wengi. Imani yako ishike, usiione haya, usiipunguze ili upendwe. Baba hakuipunguza hata siku moja, na ndiyo maana walimheshimu. Ila usimfanye kila jirani mwizi wa imani yako. Mtu akikutendea wema, atakutendea kwa namna anayoijua yeye, hana nyingine. Akikosea, mwambie, kama nilivyomwambia Omari chali, naye atasikia. Lakini mwambie akiwa bado ameshika jembe, usingoje mpaka umemfanya alitupe. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi naongeza, wala wachimba kaburi, maana kufa nako kungalipo. Na ninyi mlio wengi, kama kuna masikio yenu hapa, ulizeni kabla ya kuchimba. Swali dogo la Omari lilinitibu kuliko pole zote za siku ile.

Babu yako abaki alipo. Ukitaka kumpa vigae, mpe kazi yako ya mikono: njoo Shaabani na panga lako, ufyeke na wenzako.

Mimi mwenyewe siku zangu si nyingi. Juzi Omari alipita hapa, mzee wa watu, naye anatembelea fimbo. Nikamwambia, "Omari, nikifa nilazeni mikoroshoni kwa baba. Na vijana wako wachimbe wanavyojua." Akatazama mto. Kisha akauliza, "Chali?"

Nikamwambia, "Chali."

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe jirani ambaye hata akikosea, amekosea kwa kukupenda, na akupe macho ya kuliona hilo kabla kinywa chako hakijafunguka. Maji yapande yasikukute bondeni. Uzae, uvune, uzeeke, na siku yako ikifika asikosekane mtu wa kushuka chini akakunyooshea mikono. Amina.